Kupeleka Kundi Kwenye Loji ya Msitu wa Mvua: Mwongozo kwa Atakayebeba Lawama

Kila kundi la safari lina mtu mmoja ambaye mambo yakienda kombo wote humgeukia. Ukishasema "jamani, twendeni msituni," mtu huyo ni wewe. Mwongozo huu ni wa anayepeleka marafiki, ndugu au wafanyakazi wenzake, tuseme watu wanane mpaka kumi na watano, kwenye loji iliyo ndani ya msitu wa mvua, iwe Amazon, bonde la Kongo, Borneo au Madagaska.

Wengi wakisikia msitu huwaza nyoka na chui. Vinavyoharibu safari kwa kweli ni vidogo kuliko hivyo: buti jipya ambalo mguu haujalizoea, mtu aliyebaki nyuma akipiga picha ya kipepeo, betri iliyoisha, tumbo la kuendesha. Msitu una tabia zake na wenyeji wanazijua. Lisilotabirika ni kundi, kwa hiyo humu utakuta habari za watu kuliko za wanyama.

Hatua ya 1: Ihoji loji kabla ya kulipa

Picha za matangazo huonyesha machela na machweo. Wewe uliza mambo manne.

La kwanza, tunafikaje, na njia hiyo huharibika lini? Loji nyingi za msituni hufikiwa kwa boti, na mto haukai mahali pamoja. Pale Manaus, Brazili, maji ya Rio Negro hupanda na kushuka kwa takriban mita kumi kati ya msimu mmoja na mwingine. Oktoba 2023 mto huo ulishuka kuliko wakati wowote tangu vipimo vianze kuwekwa mwaka 1902, na mwaka uliofuata ukashuka zaidi ya hapo. Boti zilikwama na vijiji vikakatika na dunia. Muulize mwenye loji: maji yakipungua mnatupitisha wapi, na tutabeba mizigo kwa miguu umbali gani? Kama mnakwenda kwa ndege ndogo, uliza kikomo cha uzito. Mara nyingi hakizidi kilo 15 kwa mtu, na masanduku magumu hukataliwa kwa kuwa hayaingii kwenye tumbo la ndege. Ugomvi huo uishe nyumbani. Ukiuacha hadi kiwanjani, utasimama juani ukimtazama mtu akichagua nguo za kuacha huku rubani akiangalia saa.

La pili, waongozaji wangapi? Mmoja kwa watu sita hadi wanane inafaa. Mmoja kwa kumi na watano maana yake watu wa mwisho hawaoni wala kusikia chochote, na mtu asiyeona chochote huanza kutangatanga. Kuna mahali idadi imewekwa kwa kanuni: huko Bwindi, Uganda, kila familia ya gorila waliozoeshwa watu hutembelewa na watalii wasiozidi wanane kwa siku, kwa saa moja, na mwenye mafua huachwa nyuma. Kundi la kumi litagawanywa tu, upende usipende. Panga mapema nani anakwenda na nani.

La tatu, umeme unatoka wapi na kwa saa ngapi?

La nne, mtu akivunjika mguu saa nane usiku, anafika hospitali kwa chombo gani, baada ya muda gani, na gharama ni ya nani? "Hakuna shida, tutapanga" si jibu. Hapo ndipo utajua kama bima ya kila mmoja inagharimia kumtoa mgonjwa porini au inaanzia mlangoni mwa hospitali. Tofauti hiyo ni kubwa, na huandikwa kwa herufi ndogo.

Hatua ya 2: Afya, wiki sita kabla

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Anayechanjwa siku tatu kabla ya safari anaweza kuzuiwa kuingia katika nchi zinazokidai. Kwa upande mwingine, tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha yote, kwa hiyo mwenye cheti cha zamani kilichoandikwa miaka kumi hana haja ya kuchanjwa upya kwa sababu ya tarehe tu.

Dawa za kinga ya malaria zina ratiba tofauti. Daktari ndiye wa kumchagulia kila mtu, lakini wewe kiongozi jua ratiba za wenzako. Mefloquine huanza walau wiki mbili kabla ya safari, doxycycline siku moja au mbili kabla, na zote mbili huendelea wiki nne baada ya kurudi. Atovaquone-proguanil huendelea siku saba baada ya kutoka. Karibu kila kundi lina mtu anayezitupa siku ile ile anayofika nyumbani.

Kisha fanya kazi isiyopendeza: zungumza na kila mmoja faragha. Pumu, kifafa, kisukari, mzio wa kuumwa na nyuki, ujauzito. Uliza pia kuhusu woga wa kuwa juu, kwa sababu huo watu huuficha kuliko ugonjwa. Loji nyingi zina daraja la kamba la kupita kwenye vilele vya miti. Lile la Kakum, Ghana, lililofunguliwa mwaka 1995, lina urefu wa takriban mita 350 kwa vipande vyake saba, na mahali pengine chini yako kuna karibu mita 40 za hewa tupu. Madaraja haya ni ya kupita mmoja mmoja. Anayeganda katikati anawafungia njia wote walio nyuma yake, na hakuna maneno matamu yatakayomsogeza. Mwenye woga abaki chini na mwongozaji mmoja akitafuta ndege. Mara nyingi huona wengi kuliko waliopanda.

Hatua ya 3: Mizigo

Unyevu wa hewa msituni hupita asilimia 80 kwa muda mwingi. Maana yake nguo iliyolowa haikauki, hata ukiianika siku mbili. Suruali ya jinzi iache nyumbani. Kila mtu awe na seti mbili: moja ya kulowa na moja ya kulalia, na hizi mbili zisikutane kamwe. Asubuhi unavaa tena ile ya jana, yenye maji na harufu yake. Inakera kwa dakika tano tu, kisha jasho linafuta tofauti. Anayevaa nguo kavu kila asubuhi, siku ya tatu atakuja kuazima, na atakayeombwa ni wewe.

Buti za mpira huazimwa katika loji nyingi, ila tuma saizi za kundi zima mapema, hasa kama kuna wenye miguu mikubwa. Tochi ya kichwani iwe ya kila mtu, na betri za akiba. Usikubali kabisa habari ya "tutatumia yangu wote wawili". Filimbi pia ni ya kila mtu.

Dawa ya kufukuza mbu yenye kemikali ya DEET kati ya asilimia 20 na 50 inatosha. Losheni ya jua hutangulia, dawa ya mbu hufuata juu yake. Waambie wenzako kwamba DEET hula plastiki: fremu za miwani, kioo cha saa, kava la simu. Kidole kilichopakwa kisishike kamera.

Kamera na simu zihifadhiwe kwenye mfuko usiopitisha maji, pamoja na vifuko vya silika jeli vya kunyonya unyevu. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya mfuko mpaka ipate joto la nje, la sivyo lenzi itajaa ukungu wakati mnyama mliyemfuata asubuhi nzima amesimama mbele yenu. Mifuko ya kawaida ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, na huchukuliwa mpakani. Nunua mfuko wa kitambaa kisichopitisha maji.

Hatua ya 4: Kikao kabla ya kuingia msituni

Hapa ndipo safari hupona au huharibika, na ndipo watu hawataki kusikiliza kwa sababu wamechoka na wanataka kuoga. Kifanye hata hivyo, jioni ya kwanza, kabla ya chakula. Njaa huwaweka watu pamoja.

Kila mtu apewe namba. Mkisimama, mnahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, hadi mwisho. Usihesabu vichwa kwa macho. Gizani vichwa vya kundi jingine navyo huhesabika, na ukifika kumi na mbili unaridhika kumbe mmoja si wenu. Namba isiyoitikiwa inajulikana papo hapo ni ya nani.

Teua mkia: mtu anayetembea nyuma ya wote na haruhusiwi kupitwa. Asiwe mpiga picha wala mwenye mwendo wa kasi. Anayefaa ni mtu mtulivu asiyeona haya kupaza sauti "simameni!" kila mtu anapochepuka kujisaidia. Ndiyo, kujisaidia. Wengi wanaopotea msituni hawapotei kwenye njia. Waliingia hatua chache pembeni, wakazunguka mti mmoja, na walipoinua macho kila upande ulifanana na mwingine. Anayekwenda haja amwambie mkia, aache begi lake njiani, na asifike mahali asipoliona.

Kisha weka wazi kwamba kundi halitagawanyika kwa sababu ya ugomvi. Mwaka 1981 wanaume wanne waliingia msitu wa Bolivia, mmoja wao akiwa Yossi Ghinsberg kutoka Israeli. Mambo yalipowawia magumu waligawanyika wawili wawili. Wawili waliokwenda kwa miguu hawakuonekana tena mpaka leo. Ghinsberg na mwenzake walishuka mto Tuichi kwa chelezo, mkondo ukawashinda na kuwatenganisha. Mwenzake aliokolewa na wenyeji, akarudi nao kumtafuta, akamkuta hai baada ya takriban wiki tatu. Miaka kadhaa baadaye Ghinsberg alirudi na kuwasaidia watu wa kijiji cha San José de Uchupiamonas kuanzisha loji ya Chalalán, ndani ya Hifadhi ya Madidi. Kwa hiyo kuna loji ya msituni ambayo chanzo chake ni kundi lililogawanyika. Simulia kisa hiki kwenye kikao, kina nguvu kuliko kanuni kumi.

Ugomvi utakuwepo, maana watu wasiolala vizuri na wenye soksi mbichi hugombana. Kanuni yangu ni kwamba anayetaka kurudi, wote wanarudi, au anarudi na mwongozaji. Hakuna njia ya tatu.

Hatua ya 5: Usiku wa kwanza

Waonye kuhusu kelele. Katika misitu ya Afrika, perere, mnyama asiyezidi ukubwa wa sungura aliyenona, hupanda mtini usiku na kupiga ukelele kana kwamba mtu anachinjwa. Amerika ya Kati na Kusini kuna tumbili wapiga mayowe ambao sauti yao alfajiri husikika hadi kilomita tano. Asiyeambiwa ataamka na kukimbilia chumba cha jirani, akanyage ngazi yenye utelezi, na jeraha la kwanza la safari litakuwa limesababishwa na mnyama aliyekuwa mbali akiimba mambo yake.

Chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote kabla ya giza. Kuchomeka ukiwa umeshaingia na mbu wako wawili ni kujifungia nao. Viatu vining'inizwe au vifungwe ndani ya mfuko, na asubuhi vikung'utwe kwanza. Nge hupenda kujificha ndani ya buti.

Chakula chochote kisilale chumbani, hata biskuti moja. Sisimizi watakuja usiku, panya watafuata, na mchana nyani au tumbili watakuwa wameshajifunza dirisha ni lipi.

Kuhusu umeme: loji nyingi hutegemea paneli za jua na betri. Mashine ya kukaushia nywele hula wati elfu moja na zaidi. Mtu mmoja tu akiichomeka, loji nzima huingia gizani, pamoja na friji ya jikoni na simu kumi na tano zilizokuwa zinachajiwa. Nimeona harusi ikikaribia kuvunjika kwa jambo hili. Zikusanye mashine hizo zote kabla ya kuondoka nyumbani.

Hatua ya 6: Njiani

Rudini lojini mapema kuliko mnavyodhani. Karibu na ikweta jua huzama saa kumi na mbili na giza kamili huingia haraka, na chini ya miti, ambako mwanga unaofika ardhini ni asilimia mbili hivi tu, jioni huanza saa kumi na nusu.

Usishike mti bila kuutazama. Mtu akiteleza mkono hukimbilia shina lililo karibu, na mashina mengine yana miiba mirefu au yana wenyewe. Katika misitu ya Amerika ya Kati na Kusini yupo chungu aitwaye kitaalamu Paraponera clavata, mwenye urefu wa sentimita mbili hivi, ambaye maumivu ya mwiba wake huweza kudumu siku nzima. Ni afadhali uanguke kwa makalio. Tope ni laini.

Afrika kuna siafu. Mtu akikanyaga msafara wao atajua baada ya sekunde kadhaa, wakiwa wameshafika magotini. Asibaki pale akipigapiga miguu. Asogee mita kadhaa mbali kwanza, avue suruali bila aibu, na kuwachomoa mmoja mmoja. Kundi likubaliane mapema kwamba hali hiyo haipigwi picha. Wakiingia chumbani usiku, tokeni mkae nje kwa saa chache. Wanapita tu, na watawaachia chumba kisicho na mende.

Borneo na Madagaska shida ni ruba. Haumi kwa uchungu. Humgundui mpaka uone damu kwenye soksi. Usimchome kwa moto wala kummwagia chumvi, kwa sababu anaweza kutapika ndani ya jeraha. Pitisha ukucha chini ya ncha yake nyembamba, ndiyo yenye mdomo, kisha ile nene, na umtupe haraka kabla hajashika kidole. Mate yake huzuia damu kuganda, kwa hiyo jeraha litavuja kwa saa kadhaa. Linatisha kwa macho tu. Lioshe, libane, endelea.

Kinachoua zaidi ya hao ni matawi na maji. Upepo wa mvua ukianza, msisimame chini ya mti uliokauka wala msitandike kiti chini yake. Mwongozaji akisema tukimbie hapa, kimbieni, maswali baadaye. Kijito mlichokivuka asubuhi maji yakifika kwenye kifundo huweza kufika kiunoni jioni. Maji yakiwa ya kahawia na yamebeba matawi, kaeni msubiri. Vijito vidogo hupanda haraka na hushuka haraka, mara nyingi ndani ya saa chache. Mkilazimika kuvuka, fungueni mikanda ya begi ya kiunoni na kifuani ili anayeanguka aliache begi, asizame nalo. Boti nayo ni hivyo hivyo: jaketi la kuokoa maisha huvaliwa na kufungwa. Kulikalia ni kutafuta mto wa makalio. Kuogelea, uliza mwenyeji kwanza. Kichocho na homa ya mgunda havionekani majini.

Nyoka ni nadra kuwauma watu wanaopita njiani na buti za mpira. Ikitokea, mgonjwa atulie, mvue pete na saa kabla mkono haujavimba, funga kiungo kisicheze kama unavyofunga mfupa uliovunjika, andika saa, na abebwe. Asikatwe, asinyonywe, asifungwe kamba ya kukaza. Dawa ya sumu iko hospitali, na ndiyo sababu ya lile swali la nne ulilouliza loji.

Hatua ya 7: Mtu akipotea

Kila kundi lina mtu atakayesema, "ukipotea fuata mto." Ametoa kwa Juliane Koepcke, ambaye ndege aliyopanda ilivunjika angani juu ya msitu wa Peru tarehe 24 Desemba 1971 akiwa na miaka 17. Alifuata kijito na baada ya siku 11 akafika kwa watu. Ni kweli, lakini Juliane alikuwa ameishi msituni katika kituo cha utafiti cha wazazi wake, na hakuwa na mwongozaji mita mia tatu nyuma yake akimtafuta. Mgeni wa loji anaye. Kila hatua anayopiga inamtoa kwenye eneo atakalotafutwa.

Kwa hiyo aliyepotea asimame na abaki hapo. Apulize filimbi mara tatu, apumzike, arudie. Kama filimbi haipo, apige kwa gogo mizizi ile mipana kama ukuta inayoshikilia miti mikubwa. Inatoa mlio wa kina, na sokwe wenyewe huitumia kupashana habari. Nyinyi mlio njiani, msitawanyike kutafuta. Kundi zima linakaa, wote wananyamaza, na mwongozaji pamoja na mtu mmoja wanarudi hadi mahali mlipohesabu namba mara ya mwisho. Simu haitasaidia sana, maana mtandao haupo na ramani chini ya miti mirefu huruka huku na kule. Kifaa cha setilaiti, kama mnacho, kipelekwe mahali penye uwazi.

Hatua ya 8: Tumbo, kisha homa

Mmoja akianza kuendesha, jioni watakuwa watatu. Wote wanawe mikono kwa sabuni, na mgonjwa asiandae wala kugawa chakula. Maji ya kurudisha nguvu: lita moja ya maji salama, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ukizidisha chumvi unamdhuru, kwa hiyo pima, usikadirie. Damu ikionekana, au mtu akishindwa kuhifadhi hata maji, safari yake imekwisha. Anatolewa siku hiyo hiyo, na mwenzake mmoja.

Mkisharudi, msilifunge kundi la WhatsApp baada ya kugawana picha. Malaria haijitokezi kabla ya wiki moja hivi tangu mtu aumwe na mbu, na inaweza kuchelewa miezi kadhaa. Mwenye homa aende hospitali siku ile ile, aseme mwenyewe alikuwa msitu gani na lini, kwa sababu daktari hataota, kisha aandike kwenye kundi ili wengine waliolala chumba kimoja naye wajue. Ukiona mtu aliyekuwa anatuma vichekesho kila saa amenyamaza siku mbili, mpigie.